Maji ya Mong'ina

Katika sehemu ile ya Suna, pembeni mwa mji wa Migori, karibu kila ua ulikuwa na kaburi. Ua wa Maranga ulikuwa na bwawa la kuogelea.

Majirani zake walikuwa Wajaluo, na desturi yao ni kumlaza mtu pale pale alipojenga. Mume wa Truphena, jirani wa upande wa pili wa michongoma, alilala hatua chache kutoka jikoni kwake, chini ya saruji iliyopakwa chokaa. Kila jioni mama huyo alikaa kwenye pembe ya saruji ile akipukuchua mahindi au akichambua dagaa wa omena, akimweleza marehemu habari za soko kana kwamba ameketi tu akisubiri chai. Maranga aliyasikia mazungumzo hayo kwa miaka mingi bila kuyatafakari. Yeye alikuwa Mgusii. Alihamia Suna akiwa kijana, akafungua duka la vipuri vya baiskeli, akalea watoto, akawa mzee wa kanisa katika kanisa dogo la Waadventista; lakini Mgusii, hata akikaa ugenini mpaka mvi zimwenee, mwili wake hurudishwa kwao. Mkewe Mong'ina alipofariki, ndugu walikuja na pikapu, wakamchukua, wakamzika Kitutu kwenye mteremko wa migomba, kando ya mama mkwe wake. Hakuna aliyemwuliza Maranga, na hata kama angeulizwa angeamua vivyo hivyo. Ni aliporudi Suna baada ya mazishi, akafungua lango na kusimama na mfuko wake mkononi, ndipo alipotambua kwamba katika ua wake wote hapakuwa na mahali pa kumwendea mkewe.

Kisha macho yake yakatua kwenye bwawa.

Halikuwa bwawa la kujivunia. Lilikuwa la bei ya chini, la aina ile inayosimamishwa juu ya ardhi kama tangi: ukuta wa bati jembamba uliozungushwa duara, wenye kimo cha kifua cha mtu, na ndani yake turubai la plastiki ya buluu lililochapwa picha za vigae ili mtazamaji adhani ni vigae vya kweli. Wazungu wa kampuni iliyojenga barabara upande wa Uriri walilitumia kambini, na kambi ilipofungwa likapigwa mnada pamoja na vitanda na majiko. Mashine ya kusafishia maji haikuwepo. Ngazi ilikuwa imepungukiwa kidato.

"Mzee, hiyo sufuria utapikia nani?" mnadi alimwuliza, na walionunua vitanda wakacheka.

Jina hilo lilifika Suna kabla ya bwawa lenyewe. Mpaka leo wapo wanaolijua kwa jina la Sufuria ya Maranga, wasiojua kwamba lilinunuliwa kwa sababu ya mguu wa mwanamke.

Kiharusi kilikuwa kimemlegeza Mong'ina upande wa kulia. Mtaalamu wa viungo kule Homa Bay alishauri atembee ndani ya maji ya kifuani kila siku, kwa kuwa maji humpunguzia mtu uzito na wakati huo huo huulazimisha mguu ufanye kazi. Maranga aliuona ushauri huo mwepesi, maana ziwa lilikuwa pale pale chini ya mji huo, na wangeweza kupanga chumba hapo. Lakini mwaka ule gugumaji lilikuwa limeufunga ufuo. Mahali ambapo watu walizoea kuingia na ndoo palikuwa kama shamba, na mashua zilizotoka Mbita zilisukumwa kwa miti mirefu, kidogo kidogo, kana kwamba zinapita matopeni. Mong'ina alisimama ufuoni akiegemea mkongojo wake, akayatazama majani yale yenye maua ya zambarau.

"Baba Wesley," akasema, "hata ziwa limepooza."

Alicheka mwenyewe. Maranga hakucheka, alikuwa ameshaanza kuwaza atapata wapi maji mengine.

Mara ya kwanza alilisimamisha bwawa vibaya. Ardhi ya uani ilikuwa na mteremko ambao jicho halikuuona, lakini maji yaliuona mara moja. Yakaegemea upande wa michongoma hadi ukuta ukatokeza tumbo. Ilibidi aanze upya, asawazishe udongo, atandaze mchanga na kuupitishia ubao. Turubai lilipotoboka aliliziba kama alivyoziba tyubu dukani: alisugua kwa msasa, akapaka solusheni, akangoja ikauke, akabandika kiraka na kukigonga kwa mpini wa nyundo. Maji aliyapata kutoka kwenye paa kila mvua iliponyesha, na kiangazi kutoka kwa wauza maji wa punda, ambao walimtania kwamba ng'ombe wake hashibi.

Kila asubuhi, kabla duka halijafunguliwa, Mong'ina aliingia akiwa amevaa gauni kuukuu na raba miguuni, maana plastiki iliteleza. Mkono wake wa kushoto, ule mzima, uliushika ukingo. Maranga alitembea nje, kwenye nyasi, mkono wake wa kulia ukiwa juu ya mkono wa mkewe. Walizunguka hivyo, mke ndani ya maji na mume nchi kavu, ukuta wa bati katikati yao, duara baada ya duara. Mguu wa kulia wa Mong'ina haukuinuka. Aliuburuta, na maji yakatoa sauti kama ya mtu anayefagia mbali.

"Ingia na wewe," alimwambia mara nyingi.

"Mzee wa kanisa aonekane na kaptura?"

"Nani atakuona? Truphena? Truphena ameona makubwa kuliko magoti yako."

Na kutoka upande wa pili wa michongoma sauti ikajibu, "Hayo magoti nimeona tayari, Wuon Wesley! Siyo kitu ya kuficha!" Hivyo ndivyo Truphena alivyomwita, baba yake Wesley, kwa lugha yake.

Mong'ina alicheka hadi akalazimika kusimama na kushika ukingo kwa nguvu. Mguu ulipata nafuu. Sabato moja alitembea mwenyewe mpaka kanisani, na akina mama wa Dorkasi, kikundi cha huduma cha kanisa, wakampokea mlangoni kama bibi harusi. Mwaka uliofuata kiharusi cha pili kilimkuta kitandani kabla ya mapambazuko, na hicho hakikuacha nafasi ya ushauri wa mtu yeyote.

Maranga hakuyamwaga maji. Mwanzoni hakuwa na nguvu za kuyamwaga, na baadaye hakuwa na nia. Kiangazi yalipopungua aliongeza ndoo kadhaa. Mvua ziliporudi zikayajaza zenyewe. Alikuwa mtu wa akili timamu. Alijua kwamba maji hupanda angani, kwamba yanayoongezwa huchanganyika na yaliyokuwepo, na kwamba baada ya muda hakuna awezaye kusema tone hili ni la lini. Hata hivyo, kila mara alipoongeza ndoo alijiambia kwamba anayajazia yale yale. Hayakuwahi kwisha yote kwa siku moja; kwa hiyo, kwa hesabu ya moyo wake, hayakuwa yamekwisha. Humo ndimo Mong'ina alimokuwa mara ya mwisho akiwa mzima na akicheka. Jioni, Truphena alipoanza mazungumzo yake juu ya saruji, Maranga alitoa kiti, akaketi kando ya bati, akanyamaza. Hakuzoea kusema na wafu. Kanisa lake halikumfundisha hivyo. Aliketi tu.

Maji yakageuka kijani. Majani ya mparachichi yakazama na kuoza, ute ukashika kuta, vyura wakahamia. Sakafu haikuonekana tena.

Kisha zikaja mvua ambazo watu wote walijifunza kuziita El Nino. Mto Migori ulipanda ukabomoa vivuko, na mwaka wa tisini na nane ulipoanza homa ya malaria ilikuwa imeingia karibu kila nyumba, na kipindupindu kilisikika upande wa ziwani. Ndipo alipofika Gisiri, afisa wa afya, kijana mrefu wa Kikuria aliyevaa buti za mpira na kuzungumza taratibu kama mtu aliyechoka kugombana.

"Mzee, hapa unafuga nini?"

"Maji."

Gisiri alitoa gilasi kwenye mkoba wake, akachota, akainua juani. Ndani yake vidudu vidogo vilipinda na kunyooka, vikipanda na kushuka. "Na hawa je? Hawa ni mbu, bado tu kuota mabawa. Una mifugo mingi kuliko sisi Wakuria."

Maranga alitazama gilasi. Ulikuwa mzaha mzuri, na siku nyingine angeujibu.

"Mwaga haya," Gisiri akaendelea. "Osha. Ukitaka kujaza tena, tia klorini na ubadilishe maji mara kwa mara, na mimi sitakuwa na neno. Lakini haya lazima yaende. Nitapita tena wiki ijayo."

"Siwezi kuyamwaga."

"Huna mpira? Nitakuazima."

"Mpira ninao."

Gisiri alingoja sehemu iliyobaki ya maelezo. Haikuja. Akamwaga gilasi kwenye nyasi, akaaga kwa heshima, akaenda.

Wesley alipiga simu dukani kutoka Nairobi. Alikuwa amezisikia habari hizo kwa watu wa kanisa, kama watoto wote walio mbali wanavyosikia mambo ya wazazi wao.

"Baba, mwaga hiyo kitu. Mama yuko Kitutu. Hapo Suna hakuna kitu ya Mama."

"Najua," Maranga akasema, kisha akauliza hali ya wajukuu. Walikuwa wazima.

Aliyefuata kuja alikuwa Zadock, mzee mwenzake wa kanisa. Kulikuwa na watu waliomaliza mafundisho na waliokuwa wakingojea ubatizo tangu mvua zianze. Kanisa halikuwa na kisima cha kubatizia. Siku zote walishuka mtoni, kwa kuwa Waadventista humzamisha mtu mzima mzima, hawamnyunyizii. Sasa mto ulikuwa na hasira, na afisa wa afya alikuwa amekataza watu kuuingia.

"Tukasema, Bwana si ametupa Sufuria?" Zadock alisema akitabasamu. "Tuisafishe, tuijaze, mchungaji aingie. Akina mama wa Dorkasi wako tayari na brashi."

"Haiwezekani, ndugu yangu. Maji hayo yana matumizi mengine."

"Matumizi gani, Mzee Maranga? Hata chura wanalalamika."

Maranga alifungua mdomo. Aliona jinsi jibu lake lingesikika likitamkwa mbele ya mtu aliyeketi naye safu ya mbele kanisani kwa miaka mingi, akaufunga. Zadock alikunywa chai yake hadi mwisho, akaomba sala fupi ambayo haikutaja bwawa, akaondoka.

Jioni ile hakusikia sauti upande wa pili wa michongoma. Wala jioni ya pili. Siku ya tatu alizunguka mpaka langoni kwa Truphena, akamkuta amejikunyata juani kwa shuka zito, midomo imebabuka, kikombe cha uji mkononi. Alikuwa amerudi tu kutoka hospitali.

"Malaria," akasema. "Imenipiga kama ngoma. Wuon Wesley, keti."

Maranga hakuketi. "Mama Truphena, huenda ni mbu wangu."

"Huenda. Hakunionyesha kitambulisho." Alijaribu kucheka, kikohozi kikamkatiza. Alipotulia aligeuza uso kuelekea saruji iliyopakwa chokaa. Juu yake majani yalikuwa yameanguka bila kufagiliwa. "Siku ngapi sijaongea na yeye. Anafikiri nimeolewa."

Maranga aliuchukua ufagio uliokuwa ukutani, akayafagia majani yale, polepole, kuanzia upande wa kichwa. Kisha Maranga alirudi kwake akatafuta mpira.

Aliizamisha ncha moja bwawani, akashika ncha ya pili chini ya mteremko, akavuta kwa mdomo kama alivyokuwa akivuta petroli zamani. Maji yalifika haraka kuliko alivyotarajia na kumjaa kinywani. Yalikuwa na ladha ya bati na majani yaliyooza. Alisimama nayo mdomoni kwa muda, akitafuta kitu kingine ndani yake, hakukipata. Akatema. Mpira ulianza kububujika kuelekea nyasi za chini, na mchana kutwa aliketi kitini akiangalia usawa ukishuka, ukiacha mstari mweusi baada ya mstari mweusi kwenye kuta. Vyura waliruka mmoja mmoja, wakaondoka. Ilipofika alasiri hapakuwa na kitu ila tope la kijani, na Maranga aliona kwamba amefanya kwa mkono wake kile ambacho ndugu zake walikifanya kwa pikapu.

Kesho yake, baada ya Maranga kumpelekea Zadock habari, akina mama wa Dorkasi walikuja na brashi, sabuni na ndoo. Aliwaongoza Nyarangi, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamuru, aliyekuwa amempokea Mong'ina mlangoni mwa kanisa ile Sabato. Walivua viatu, wakateremka, wakaanza kusugua kuanzia katikati, wakicheka na kutelezeana. Maranga aliwaachia ua, akaenda jikoni kuwatilia maji ya chai motoni.

Kicheko kilikoma ghafla. Alidhani mmoja ameanguka.

"Baba Wesley," Nyarangi akaita. Haikuwa sauti yake ya kuamuru. "Hebu njoo."

Alipanda ngazi iliyopungukiwa kidato, akachungulia. Tope lilikuwa limeondoka na plastiki ilikuwa imerudi buluu, na picha za vigae zilionekana wazi, isipokuwa kandokando. Huko, sambamba na ukuta, duara zima, uchapaji ulikuwa umefutika. Palikuwa na njia. Karibu na ukuta zilikuwa alama zilizoachana, nyeupe na zenye kingo laini, mahali ambapo raba ya mguu mzima ilikanyaga tena na tena. Na ndani kidogo ya hizo ulikuwa mstari mmoja usiokatika, uliozunguka bwawa lote na kujiunga wenyewe, mahali ambapo mguu wa kulia uliburutwa.

Mmoja wa wanawake alikuwa amesimama juu ya mstari huo. Alishtuka, akasogea katikati.

"Tulidhani ni uchafu," Nyarangi akasema hatimaye. "Tulivyozidi kusugua ndivyo ulivyozidi kuonekana."

Maranga alishika ukingo kwa mikono miwili. Muda wote huo alikuwa ameketi kando ya maji, akiyaongeza, akiyatetea mbele ya afisa na mwanawe na kanisa lake. Na kumbe chini ya maji hayo, pakifichwa na maji yenyewe, palikuwepo pale alipokuwa akipatafuta.

"Endeleeni," akasema. "Msiogope. Haitoki."

Walimaliza kazi kwa sauti za chini. Maji safi yaliletwa na punda siku mbili mfululizo, klorini ikatiwa, na Gisiri alipopita na gilasi yake aliinua juani, akaitikia kwa kichwa kwa kuridhika, akauliza kama na yeye angeweza kubatizwa bila kuacha nyama choma. Zadock alimwambia hilo lingehitaji mafundisho marefu.

Sabato mchana uani palijaa. Watu walisimama wakilizunguka bati, wengine wamebebana, wengine juu ya viti walivyovitoa nyumbani bila kuomba. Mchungaji alisimama katikati ya maji kwa kanzu nyeusi. Waliobatizwa waliteremka mmoja mmoja, wakashika ukingo kwa hofu ya kuteleza, wakaifuata njia ya kandokando kwa hatua chache bila kujua wanapita wapi, kisha wakageuka kumwendea mchungaji. Walizamishwa, wakainuka wakihema, na uimbaji ukapanda. Maranga alisimama kwenye ngazi na leso kavu mikononi, akiwafunika kila walipotoka. Kila mmoja alimshika mkono na kusema, "Asante, Mzee." Kwa saa ile alikuwa mtu mwenye watu.

Kisha wakaondoka. Waliokuwa wamelowa walipelekwa makwao wasipate baridi, waliobaki wakarudi kanisani kuiaga Sabato kabla jua halijazama. Zadock alimsihi waende pamoja, naye akasema atafuata. Viti vilibaki vimetapakaa. Nyasi zote kuzunguka bwawa zilikuwa zimekanyagwa zikawa tope. Na kama kulikuwa na alama yoyote ya miguu yake mwenyewe, kutoka asubuhi zile alipotembea upande wa nje, ilikuwa imezikwa chini ya nyayo za wageni. Alitafuta kwa macho, kisha akaacha.

Maji yalitulia. Hayakuwa yale. Yalikuwa mapya, yenye harufu ya dawa, mepesi na angavu, na jua la magharibi lilipenya hadi chini na kuuonyesha mstari ule wote, usiokatika.

Maranga alipangusa viatu vyake kwenye tope bila faida yoyote. Akaweka mkono wa kulia juu ya ukingo, pale ambapo mkono mwingine ungekuwepo, akaanza kutembea. Duara la kwanza lilikuwa la haraka, kama la mtu anayekagua kazi. La pili lilikuwa la taratibu zaidi.

"Wuon Wesley!" Sauti ilitoka upande wa pili wa michongoma, bado dhaifu, lakini ilikuwa imerudi mahali pake, kwenye pembe ya saruji. "Watu wote wameenda. Unatembea na nani?"

Alisimama. Katika miaka yote ya mazungumzo ya jirani yake na marehemu, yeye Maranga hakuwahi kumwuliza Truphena swali kama hilo.

"Na Mama Wesley."

Punje za mahindi zilidondoka katika beseni, chache, kisha nyingi.

"Basi usimharakishe," Truphena akasema. "Si unajua mguu wake."

Halafu sauti ikashuka, ikageuka upande mwingine, ikaanza kumweleza mumewe habari za ubatizo: nani aliimba vibaya, nani alipiga mayowe maji yalipomfika shingoni. Maranga alisikiliza kidogo. Akauweka mkono wake vizuri juu ya bati lililokuwa likianza kupoa, akapunguza mwendo, akaendelea.